Moyo Mpya Hupiga Hodi kwa Jirani

Katika matanga yetu, yawe ya mjini au ya shamba, yako maneno ambayo hayakosi kusemwa. Mgeni huvua viatu mlangoni, huketi mkekani, hushika mkono wa mfiwa, kisha hutamka kwa sauti ya chini: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa huitikia kwa kutikisa kichwa, na mazungumzo huhamia kwenye habari za mvua na safari.

Maneno hayo ni ya heri, na wengi yamewafariji. Mzee akifa akiwa ameshiba siku, wajukuu wamejaa uani, nani atakayeyakataa? Lakini hebu tumfikirie mama aliyeletewa kofia ya mumewe, askari wa doria, kwa sababu mtu fulani alilala njiani na bunduki akamngoja. Yule aliyefyatua risasi ana jina, ana mkono, ana nia. Tukiketi mbele ya mjane huyo na kusema kwamba kazi ile haikuwa na makosa, tumemsingizia Mungu kazi ya jambazi. Si ajabu wajane wa namna hiyo wakanyamaza kanisani kwa miaka mingi, wakiimba kwa midomo tu.

Ukurasa huu wiki hii unapenda kulitazama jambo hilo kwa utulivu. Mkristo hufundishwa kuyaachilia maisha yake mikononi mwa Mungu, na hufundishwa pia kwamba anapaswa kugeuzwa ndani, apewe moyo mwingine. Ni mafundisho mawili yanayokwenda pamoja, na yote mawili hunenwa kwa urahisi mno. Ili tuyapime, yafaa tuyapeleke mahali ambapo uzito wake ulijulikana. Mahali hapo ni Bugarama.

TAMBARARE YA MPUNGA

Bugarama iko kusini-magharibi kabisa ya Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, sehemu iliyoitwa Cyangugu zamani. Nchi ile ya vilima elfu hapo hushuka ghafla na kuwa tambarare. Mahali mto Ruhwa unapokutana na mto Rusizi, meta kama 950 juu ya usawa wa bahari, ndipo chini kabisa pa Rwanda nzima. Kuna joto, kuna mpunga uliopandwa katika majaruba yenye maji, kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na kuna chemchemi za maji moto za Mashyuza. Ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Ng'ambo ya Ruhwa ni Burundi. Kwa kuwa watu wa nchi tatu hukutana hapo sokoni, Kiswahili husikika Bugarama kuliko katika sehemu nyingi za Rwanda, na Mkristo na Mwislamu wamezoea kuazimana jembe.

Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoenea nchini kuanzia mwezi wa Aprili, tambarare hii nayo ilitoa wauaji wake. Mkulima mmoja mkubwa wa Bugarama, Yussuf Munyakazi, aliongoza kikosi cha Interahamwe kilichopanda vilimani kwa magari. Tarehe 29 Aprili walikuwa katika parokia ya Shangi, na siku iliyofuata, tarehe 30, walikuwa Mibilizi. Katika sehemu hizo mbili watu walikuwa wamekimbilia kanisa, kama walivyofanya wazazi wao katika misukosuko iliyotangulia, wakiamini kwamba hapana atakayethubutu kumwaga damu hapo. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliona kwamba Watutsi zaidi ya 5,000 waliuawa katika mashambulizi hayo mawili. Munyakazi alikamatwa nchini Kongo mwaka 2004. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2010, na rufaa yake ilitupwa mwaka 2011.

Mibilizi si kanisa la juzi. Ilianzishwa na wamisionari mwaka 1903, na ni huko mbegu za kwanza za kahawa ya Rwanda zilikopandwa. Waliokufa pale walikuwa wajukuu wa Wakristo. Na katika nchi ile ambayo watu wake wengi walikuwa wamebatizwa, hapana budi kusema kwamba wauaji wengi nao walikuwa wajukuu wa Wakristo. Mapadri wenyewe hawakusalimika na lawama: Athanase Seromba, padri wa Nyange, ambako kanisa liliangushwa kwa tingatinga huku watu wakiwa ndani, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo ya Arusha, na mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha.

Sasa, ndugu msomaji, ingia katika nyumba moja ya Rusizi baada ya mwaka ule, ukaketi na mtu aliyebaki peke yake, kisha umwambie kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ulimi utakataa.

PADRI ALIYEPEWA MSALABA WAKE

Katika jimbo hilo la Cyangugu alikuwako padri mmoja, Ubald Rugirangoga. Alizaliwa mwaka 1955. Baba yake aliuawa mwaka 1963, Watutsi walipokuwa wakiwindwa, naye Ubald akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa seminarini, chuki za mwaka 1973 zilimfukuza; alikimbilia Burundi, akarudi miaka michache baadaye, akapewa upadri mwaka 1984. Kijana wa historia hiyo angeweza kuchukua bunduki, na watu wangemwelewa. Yeye alichagua altare.

Kwa miaka kumi alifanya kazi Nyamasheke, kando ya Ziwa Kivu, akihubiri upendo na akiamini kwamba mahubiri yameshika. Aprili 1994 alijionea mwenyewe waumini aliowabatiza wakiwaua waumini aliowabatiza. Alinusurika kwa shida, akavuka kwenda Kongo. Watu wa ukoo wake zaidi ya 80 waliuawa, na mama yake alikuwa miongoni mwao.

Miezi ile ya uhamishoni ilimpeleka hadi Ufaransa. Huko Lourdes, akitembea katika Njia ya Msalaba, alisikia ndani yake neno lililomtaka aupokee msalaba wake. Yeye mwenyewe alisimulia jambo hilo mara nyingi, katika mahubiri na katika kitabu chake. Lakini inatupasa kuangalia alivyolielewa, maana hapo ndipo kiini cha habari. Hakulielewa kwamba Mungu alitaka mama yake auawe. Alilielewa kwamba, maadamu jambo lile ovu limekwisha kutendwa na wanadamu, na uzito wake umeangukia bega lake, Mungu anamuuliza atautumiaje uzito huo. Aliamini kwamba jibu lake ni kurudi nyumbani, kwa watu wale wale.

Akarudi. Alimtafuta gerezani mtu aliyekuwa mtawala wa sehemu yao mwaka 1994, aliyehusika na kifo cha mama yake, akamsamehe. Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi wa makala hii huliona kubwa kuliko neno la msamaha: aliwalipia watoto wa mfungwa yule karo ya shule. Maneno husemwa siku moja yakaisha. Karo hudaiwa kila muhula, na kila inapodaiwa moyo hupewa nafasi nyingine ya kukataa.

MANENO YALIYO YA YUSUFU PEKE YAKE

Kila mwenye kusoma Kitabu cha Mwanzo anamkumbuka Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara, akaishia Misri, akapanda kutoka gerezani hadi kuwa mkubwa wa ghala za Farao. Mwishoni aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, ila Mungu aliyageuza yawe mema, watu wengi wakaponywa na njaa. Wahubiri hulipenda fungu hilo, na wana haki ya kulipenda.

Lakini angalia ni nani anayesema. Ni Yusufu, aliyetupwa shimoni. Ndugu zake hawakuthubutu. Fikiria kama Yuda angesimama mbele ya kiti cha Yusufu akasema, "Ndugu, usituchukie, hata hivyo yote yalikuwa mpango wa Mungu, umepata cheo!" Ungekuwa ufidhuli usio na mfano. Wao, kwa hofu yao baada ya baba yao kufariki, walijificha nyuma ya maneno ya marehemu, wakadai kwamba mzee aliacha wosia wasamehewe. Yusufu aliposikia hayo alilia. Hatuambiwi kwa nini alilia. Yamkini ni kwa sababu hata wakati ule bado walihitaji kichaka cha kujifichia.

Ndiyo kusema, maneno ya kukubali mapenzi ya Mungu yana mwenyewe. Aliyeumizwa akiyatamka, baada ya safari yake ndefu ya ndani, ni imani. Aliyeumiza akiyatamka ni kutoroka kesi. Na mtu wa pembeni, ambaye hakuumizwa wala hakuumiza, afadhali anyamaze kwanza, achote maji, apasue kuni, awaangalie watoto wa mfiwa, mpaka mwenye kuumizwa ayatamke mwenyewe, kama atayatamka.

MIEZI SITA YA MUSHAKA

Baada ya miaka kadhaa Padri Ubald aliwekwa kuwa paroko wa Mushaka, katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, kwenye vilima vinavyopanda kutoka tambarare ya Bugarama kuelekea Kamembe. Wakati huo serikali ya Rwanda ilikuwa imeanza kuwafungulia maelfu ya wafungwa waliokiri makosa yao; kundi kubwa lilitoka mwaka 2003. Mahakama za gacaca, ambamo wanakijiji wenyewe walikaa nyasini na kusikiliza mashitaka, zilienea nchi nzima, na hadi zilipofungwa mwezi wa Juni 2012 zilikuwa zimeamua kesi karibu milioni 2.

Basi wafungwa wakarudi vijijini, na Jumapili wakarudi kanisani. Fikiria hali ilivyokuwa. Mama mjane amepanga mstari kupokea Ekaristi. Mbele yake, mgongo anaoutazama ni wa mtu aliyemuua mumewe. Amekwisha kuadhibiwa na serikali. Pengine amekwisha kuungama kwa padri, faraghani. Kwa sheria zote mbili hana deni. Lakini kwa mama yule hajasema hata neno moja.

Parokia ya Mushaka iliona kwamba hilo halifai. Aliyeshiriki mauaji na anayetaka kurudi mezani pa Bwana alipangiwa mafundisho ya miezi sita. Alifundishwa tena kama mkatekumeni, ingawa alibatizwa zamani. Katika miezi hiyo ilimpasa amwendee aliyemkosea, apige hodi nyumbani kwake, aseme alilolitenda bila kulipunguza, na aombe msamaha. Upande wa pili nao uliandaliwa: walionusurika walikusanywa, wakasikilizwa, wakafundishwa polepole juu ya kusamehe, pasipo kusukumwa. Mwisho wa muda huo yule mwenye kosa alisimama mbele ya waumini wote, na aliyekosewa, kama ameridhia, alisimama pamoja naye. Ndipo aliporudi kwenye Ekaristi. Utaratibu huo baadaye ulichukuliwa na parokia nyingine katika jimbo na nje ya jimbo.

Kwa nini miezi sita? Mtu angeweza kuuliza kama Mungu anahitaji muda wote huo kumsamehe mwenye dhambi. Jibu ni kwamba Mungu hauhitaji. Mwanadamu ndiye anayeuhitaji. Wiki ya kwanza mtu hukiri kwa sababu wenzake wanakiri. Wiki ya tano huanza kusema "tulikuwa wengi" na "tuliamriwa." Ni baada ya kuyarudia mbele ya watu, na kuulizwa, na kulala na maswali hayo, ndipo "tuli-" hugeuka kuwa "nili-". Kubadilika kwa kiambishi hicho kimoja ndiko kugeuka kwenyewe. Mtu aliyefika hapo humwambia mjane kitu ambacho hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha akiseme: mwili wa mume wako uko mahali fulani, chini ya mti fulani. Familia nyingi za Rwanda ziliwapata na kuwazika wapendwa wao kwa sababu tu mtu mmoja alichoka kunyamaza.

Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti, hakumwambia Yesu kwamba amejisikia vizuri. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Wokovu wake ulikuwa na tarakimu, na majirani wake waliweza kuukagua.

UAMSHO NA MTIHANI WAKE

Mambo haya si mageni Afrika Mashariki. Ule Uamsho uliowasha makanisa ya Kiprotestanti kutoka Rwanda mpaka Kenya na Tanganyika ulianzia katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, miaka ya 1930. Chimbuko lake lilikuwa urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, waliokutana Kampala mwaka 1929 wakasoma Biblia pamoja. Watu wa Uamsho walijulikana kwa jambo moja: waliungama mbele ya wenzao, na waliyoyaiba waliyarudisha. Mtumishi alimrudishia bwana wake sukari. Mzungu alimwomba mwafrika msamaha kwa dharau yake, jambo lililokuwa la ajabu sana katika siku zile za ukoloni.

Msomaji mkali atauliza: kama Rwanda ndiyo iliyokuwa chimbuko la Uamsho, mbona ilifika mwaka 1994? Swali hilo ni la haki. Wako watu wa Uamsho waliokufa kwa kukataa kuua na kwa kuwaficha jirani, na wako waliokuwa wakiimba nyimbo zile zile na wakashika panga. Moto wa baba haumpashi mtoto joto. Kila kizazi kina mlango wake wa kupiga hodi, na kizazi kinachoishi kwa ushuhuda wa wazee wake hakiwezi kujua kama moyo wake umegeuka mpaka siku ya mtihani.

Mmoja wa watoto wa Uamsho, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi nchini Uganda, ambaye wazee wa Dodoma walimjua alipokuwa mwalimu huko, alifikiwa na mtihani huo mwaka 1977. Tarehe 10 Februari yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na maonevu. Tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere alitoroka na mkewe kwa miguu, wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Akiwa London siku ya Ijumaa Kuu, akisikiliza habari za Yesu kuwaombea askari waliompigilia misumari, aliona kwamba chuki yake kwa Amin ilikuwa inamla yeye mwenyewe, akamsamehe. Tunapenda kuwakumbusha wale wanaodhani kusamehe ni kufumba macho: barua ilitangulia. Alisema kweli kwanza, tena kwa kutia sahihi, na baada ya kusamehe aliendelea kuisema.

KWA ALIYEVAA SARE

Wasomaji wetu wengi huishi kwa amri. Mtu wa namna hiyo ana kishawishi chake maalumu, nacho ni kuchukua amri ya mkubwa kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu, na hivyo kuiweka dhamiri kapuni pamoja na nguo za kiraia. Cyangugu ya mwaka 1994 ina habari inayowahusu.

Mabaki ya Watutsi wa mji ule walikuwa wamekusanywa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka, kisha mwezi wa Mei wakahamishiwa kambi ya Nyarushishi, juu ya kilima. Walikuwa maelfu. Interahamwe walikuwa wakiwanyemelea kila siku, na serikali ya wakati ule haikuwa na haja ya kuwaona hai. Aliyekuwa akiongoza jandarmeri ya Cyangugu, afisa Innocent Bavugamenshi, aliweka askari wake kuilinda kambi, na watu wa Nyarushishi walikuwa hai wanajeshi wa Ufaransa walipofika mwishoni mwa Juni. Alikuwa na sare ile ile, mshahara ule ule na serikali ile ile kama maafisa wengine waliofanya kinyume.

Hatuna habari za maombi yake, wala si kazi yetu kumtangaza mtakatifu. Tunachojua ni kwamba alisimama penye lindo lake. Askari anayesali jioni ayatambue mapenzi ya Mungu, mara nyingi anasubiri sauti kutoka mbinguni, na huku jibu limelala katika kiapo alichokula siku ya kwanza: kuwalinda raia. Sauti ya mbinguni haitakwenda kinyume cha hapo.

NYUMBANI

Mama wa nyumbani atasema: hayo ni ya vita na ya mahakama, sisi huku kwenye kota tuna mambo yetu madogo. Ni kweli ni madogo, na ni ndugu wa yale makubwa.

Baba amehamishwa kituo mara ya tatu katika miaka minne. Watoto wameachishwa shule katikati ya muhula. Anarudi jioni na hasira ambayo hakuweza kuitoa mbele ya mkubwa wake, anaitoa mezani. Kesho yake, Jumapili, anaketi kanisani kwenye benchi la mbele. Mkewe akilalamika, anaambiwa avumilie, ndoa ni msalaba. Hapo tena ni ndugu za Yusufu wanaomhubiria Yusufu. Msalaba haugawiwi na anayeupigilia. Mwanamke anayepigwa ana haki ya kwenda kwa wazee wa kanisa, na ana haki ya kwenda kituoni, hata kama kituo hicho ndicho mumewe anakofanya kazi. Baba akitaka kujua kama Jumapili ile ilimfaa, asimuulize mchungaji. Amtazame mtoto wake mdogo mlango unapofunguliwa jioni: anakimbilia kwa baba, au anakimbilia chini ya kitanda?

Na yuko mwingine, ambaye pengine ndiye msomaji wetu mwaminifu kuliko wote, aliyepoteza mtu na hajaweza kusema kwamba amekubali. Kanisani wanamhimiza. Ndugu zake wanamwambia miaka imepita. Huyo asilazimishwe, wala asijione kuwa Mkristo wa daraja la pili. Yesu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe kile kimwondokee, na hakuomba mara moja. Aliyaachilia mapenzi yake kwa Baba yake akiwa amelowa jasho, na baada ya kusema waziwazi lile alilolitaka. Anayeruka sehemu ya kwanza ya ombi hilo na kukimbilia ya pili huwa anajidanganya, na moyo hauna desturi ya kusahau udanganyifu. Huko Mushaka walionusurika walilia kwanza, walikasirika kwanza, walieleza kwanza. Wako waliosamehe, na wako wasiosamehe hadi leo, nao bado hupokea salamu zao sokoni kama watu kamili.

Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mwezi wa Novemba 2016 kwa ajili ya waumini wao walioshiriki mauaji. Mwezi wa Machi 2017, Papa Fransisko alimpokea Rais Paul Kagame Vatikano na kumwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na wana wake. Wako walioona kwamba radhi hizo zilichelewa, miaka zaidi ya 20, nasi hatuwezi kuwabishia. Wakulima wa Rusizi waliokwenda kwa majirani zao kwa miguu, bila waandishi wa habari, waliwatangulia wakubwa wao.

Padri Ubald alifariki Marekani tarehe 7 Januari 2021, baada ya kuugua Uviko-19. Mwili wake ulirudishwa ukazikwa Rusizi, katika kituo cha amani alichokijenga kando ya Ziwa Kivu. Kazi aliyoianza haijaisha, kwa sababu ya hesabu nyepesi tu. Waliohukumiwa vifungo virefu vya miaka 20, 25 au 30 wanaendelea kumaliza muda wao na kurudi vijijini, wakiwa wazee wenye mvi, miguu imevimba, watoto wao wamekwisha kuwa na watoto. Baadhi yao hawakukiri lolote gerezani. Mchele unavunwa Bugarama, na jioni moja mtu hushuka kwenye basi akiwa na mfuko mdogo begani. Nyumba ya kwake iko kushoto mwa njia. Nyumba ya mjane iko kulia, na taa yake inawaka.